Daftari la Makosa

Katika darasa la waandishi wa programu, Mwalimu Sikudhani alikuwa na sharti moja: kila mtu aandike makosa yake mwenyewe daftarini, pamoja na saa yalipotokea, kabla mwenzake hajayaona. Daftari la Hemedi, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, lilikuwa jeupe pe.

"Mimi sikosei, Mwalimu," alisema akitabasamu.

Programu yao ilikuwa ya kupima dozi za wagonjwa hospitalini, na kesho yake ingeanza kazi. Mwalimu aliendelea kuisoma sehemu aliyoiandika yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka kidole chake kikasimama. Akafungua daftari lake lililochakaa, akaandika mbele ya wote: "Saa nne na robo. Nimesahau uzito wa mtoto mchanga."

Hemedi akasogea, akapekua kurasa zile: miaka kumi na tisa ya makosa, kwa mwandiko uleule, na hakuna hata moja lililofutwa. Hakuwahi kumwona mtu mwenye ukuu wa kiasi kile.

Akarudi kitini, akaanza kuisoma kazi yake upya. Alipofika mstari wa arobaini, kidole chake nacho kikasimama.

"Mwalimu," aliita, "naomba kalamu."