Mlango wa Wakesho

Siku hizo milango ya Mwatate ilimfungukia mwanakikundi tu. Mwanamke akishajiunga na kikundi chake, nyumba yake iliwajua wenzake kwa sura. Wengine wote, hata ndugu wa tumbo moja, ilikuwa kama haiwaoni.

Wakesho alipojifungua, wanawake wa kikundi chake waliingia kwa zamu, wakamkanda na kumwogesha mtoto. Hakukosa kitu. Ila dada yake mkubwa, Mghoi, wa kikundi cha ng'ambo ya reli, alibaki nje juani na chupa ya uji.

"Hodi," Mghoi aliita. Mlango haukulijua neno hilo, na maadamu mgeni alikuwa kizingitini, haukufunguka hata kwa ndani.

"Ningoje hapo, dada," Wakesho akajibu kutoka ndani.

Alimlaza mtoto, akatafuta bisibisi, akaanza kulegeza bawaba. Mgongo ulimuuma, lakini hakupumzika. Mlango ulipoanguka, Mghoi aliukanyaga akapita, akampakata mtoto kwa mara ya kwanza.

Jioni mwenyekiti wa kikundi alifika na wenzake. Walisimama mbele ya uwazi ule, wakingoja kufunguliwa.

"Piga hodi, mama mwenyekiti," Wakesho akasema. "Nitakukaribisha."

Mwenyekiti aligeuka, wenzake wakamfuata, na mtaa mzima milango ikasikika ikijifunga, mmoja baada ya mwingine.

Wakesho alitandika mkeka pale palipokuwa na mlango, akaketi.

"Nimiminie uji, dada," akasema. "Kesho twende tukaung'oe wako."