Swali la Mwalimu Kaingu

Watu walipiga makofi, na Kaingu akapiga pia, kwa ncha za vidole tu. Mbele ya ukumbi wa mtaa wa Shika Adabu, Gershom alikuwa akieleza habari za wasomi wa Uchina kama aliyezaliwa huko.

"Msomi wa zamani alimkabili mfalme akamwambia, umekosea. Wengine waliwaaga wake zao kwanza, maana walijua hawatarudi. Wa leo ni mtaalamu. Ana maabara, ana mshahara, hujibu anachoulizwa na mwajiri wake. Asichoulizwa hakisemi."

Moyo ulimchoma Kaingu. Walifundisha historia chuo kimoja, meza zao zikitazamana, lakini mialiko ilikuwa ya Gershom, sifa za Gershom, na Jumatatu uongozi wa idara ungekuwa wa Gershom. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele, akitabasamu kama baba wa bwana harusi.

Ndipo Kaingu alipoona upenyo. Chuo kilipanga kujenga mabweni juu ya makaburi ya kale ya mtaa ule, na wenyeji walilalamika wasisikizwe. Gershom akisema neno, mkuu atamfukuza. Akinyamaza, ataaibika.

Akainua mkono.

"Ndugu yangu, na wewe ni msomi wa aina gani? Unajua kama mimi kwamba pale yatakapojengwa mabweni pamezikwa watu. Mbona hujamwambia mkuu wetu kuwa amekosea?"

Gershom alifungua kinywa, akamtazama mkuu, akakifunga. Akaketi. Kaingu alisikia utamu mpaka kooni.

Mwanarehema, mama mmoja wa mtaa ule, akasimama kule nyuma.

"Wazazi wangu wamelala pale," alisema taratibu. "Wallahi, mwalimu Kaingu, hao wasomi wa zamani tuliosimuliwa, leo nimemuona mmoja kwa macho yangu."

Mkuu hakuwa akitabasamu tena. Wala hakuwa akimtazama Gershom.

Jumatatu Gershom alipewa idara. Kaingu alipewa barua ya kufutwa kazi, na nje ya lango akakuta nusu ya Shika Adabu wanamngoja. Wakambeba juu juu kabla hajapata la kusema.

Kutoka kule mabegani aliliona dirisha la ofisi mpya. Gershom alikuwa amesimama hapo, akimtazama kwa jicho ambalo Kaingu alilijua vizuri, kwa kuwa miaka yote lilikuwa lake.