Kisanduku cha Namsifu

Siku ya nne baada ya mazishi ya mkewe, Namsifu, Mzee Shemboza alikwenda kwa Tunu, binti aliyekuwa akitengeneza tovuti ya chama chao cha kuzikana.

"Mtoe mke wangu, mwanangu. Kwetu jina la marehemu halikai pamoja na majina ya walio hai."

Kwenye jedwali la wanachama, kila mume alikuwa na kisanduku chake, na pembeni kisanduku cha mkewe. Tunu alikifuta cha Namsifu. Majina ya wake waliokuwa chini yake yakapanda, na mke wa jirani akaja kukaa kando ya jina la mzee.

"Huyo ni mke wa Mbelwa," mzee alisema.

Tunu akakirudisha, akafuta jina tu, kisha akavuta ukingo ili kile kisanduku kitupu kipungue. Safu nzima ikasinyaa. Majina ya wake wote yakakatika vipande vipande.

"Mbona unawabana na wenzake?"

"Hakipungui peke yake, baba."

Mzee akaweka kidole kwenye kioo, pale palipobaki peupe.

"Basi paache."

Alipoondoka, Tunu alizima kompyuta. Kioo kikawa cheusi, na alama ya kidole ikaonekana zaidi.