Nyonga ya Marehemu

Siku hizi nyonga ya bandia haizikwi pamoja na mwenyewe. Hupewa mgonjwa mwingine, ikiwa bado na mwendo wa marehemu.

Tunu alichuchumaa na chuma cha kilo arobaini mabegani, mara ya kwanza tangu apasuliwe, akainuka wima bila maumivu. Machozi yakamlengalenga.

"Mwombee dua aliyekuachia nyonga hiyo," kocha Shomvi alimwambia.

"Namwombea kila siku, kaka."

Akatoka jimu akitabasamu, akashika njia ya kwake. Mguu wenye nyonga mpya ukakata kulia. Kwa shukrani aliyokuwa nayo, akauacha umpeleke.

Ulisimama kwenye mlango wa buluu asioujua. Ndani, mama mmoja alikuwa akimimina chai kikombe cha pili.

"Leo umechelewa, baba Zubeda," alisema bila kugeuka, maana hatua zile alizijua.

Tunu alitaka kusema amepotea njia, lakini mguu ulikuwa umeshavuka kizingiti.