Mzizi Mtupu

Siku hizo kamera zote zilikuwa hazionyeshi tena kiumbe ambaye hatamaliza mwaka. Mwanakheri, mwalimu mstaafu wa Kipungani, alikwisha kuzoea. Kila Jumamosi alipiga picha za ndege na kaa wa mikokoni, na mara nyingi alirudi na picha za matope matupu.

Asubuhi moja alifuatana na mumewe, Shee. Mzee akakaa juu ya mzizi wa mkoko, kaa wekundu wakamzunguka.

"Nipige na hawa jamaa zangu."

Mwanakheri akabonyeza. Kwenye kioo kaa walitokea wote, wameuzunguka mzizi mtupu.

"Nimetokaje, Mama Aziza?"

"Umependeza," akajibu, akaifuta picha haraka.

Shee akaichukua kamera. "Haya, nawe simama hapo. Kila siku unapiga wenzio tu."

Akasimama, akajilazimisha kutabasamu. Shee akabonyeza, akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Hebu nione," Mwanakheri akasema.

"Jua limeiharibu." Akaizima kamera na kumshika mkono, jambo ambalo hakulifanya njiani kwa miaka mingi. "Twende tukampigie simu Aziza. Aje wiki hii, na watoto."