Mrija Uliokwisha Kupoa

Mhandisi Zaituni alitoa mrija wa majaribio kwenye tanuri, macho yamemvimba kwa uchovu kuliko mrija wenyewe. Aliuchoma kwa joto lile lile lililoikumba juzi mirija inayofunika fueli ya nyuklia mtamboni. Tangu hapo mji hauna umeme.

"Una kakitambi tu, kama bwana harusi," alitania Meneja Shomvi. "Si umeshapoa, dada? Tuwashe mtambo, nimechoka na mishumaa."

"Umepoa, bosi, lakini chembe za ndani zimejipanga upya. Haurudi ulivyokuwa, na ile ya mtamboni vivyo hivyo."

Akaubana kati ya taya za jiliwa, akazungusha mpini kukaza. Ukavunjika kama biskuti.

Shomvi hakucheka. Alichukua mrija mwingine tanurini, akaubana mwenyewe, kisha akasimama ameshika mpini, bila kuuzungusha.