Gunia la Mwisho

Kwa mara ya tisa, maharagwe aliyoyaacha safi yalikuwa yamechanganywa na makapi.

Jicho alishika kiuno. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, maana punje iliyotobolewa na fukusi aliiona hata ikilala kifudifudi. Lilibaki gunia moja tu la mbegu, na mvua, kwa hesabu yake, ilikuwa karibu. Bila gunia hilo shamba la bondeni lingebaki tupu, na aliyeahidi kumaliza kulichambua gunia ni yeye.

"Mama, huyu panya wako hali. Anachanganya tu."

Mama aliendelea kufagia mlangoni. Alinuna tangu siku ile walipobishana, mama akimkataza kazi ya vumbi kwa sababu ya kifua chake kibovu, yeye akisema, "Nikimaliza gunia hili nitapumzika." Kununiwa kulimuuma kuliko kifua. Kifua chenyewe kilishapoa. Hakukohoa tena hata kidogo.

Akaanza upya. Chekeche la matundu mapana lilibaki na mabua na mawe. La matundu madogo lilidondosha mchanga na vipande. Akamimina polepole mbele ya feni, nyepesi zikapeperuka, nzito zikaanguka karibu. Kisha akakaa na ungo, akapepeta na kuchambua punje moja moja, akitupa zilizokunjamana.

Ilibaki konzi moja. Kila siku kazi ilipofika hapo alijilaza kidogo juu ya magunia matupu, na akiamka anakuta uharibifu. Leo alijilaza bila kufumba macho. Za mwizi ni arobaini, alijisemea.

Mlango ukalia. Aliingia mama na debe la makapi. Akalimwaga lote juu ya mbegu safi, akakoroga kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka.

Jicho alishikwa na uchungu. Mama yake mwenyewe. Kabla hajainuka, baba naye alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Mama Jicho, liache hilo gunia. Mvua ilishanyesha, wenzetu wanapalilia."

"Siwezi." Mama aliutazama ungo, akatega sikio. "Alisema hapumziki mpaka alimalize. Na tangu tumzike, mlio wa ungo huo ndio mtoto niliyebaki naye."